GLAVU ZA MAZOEZI YA NGUMI: UZITO UPI UNAFAA?

Kijana wa Kitui au Makueni apendaye ndondi anaweza kuanza na vitu vichache sana: gunia lililoning'inizwa kwenye tawi la mwembe, rafiki mmoja wa kufanya naye mazoezi, na jozi ya glavu iliyonunuliwa Nairobi, ambayo pengine imekwisha kuvaliwa na watu wengi kabla yake. Maadamu anapiga gunia, hasara yake ni ndogo. Lakini siku anapomkabili rafiki yake ili wajaribiane, hapana budi aulize swali ambalo vijana wengi hawaliulizi: Je, glavu hizi zina uzito gani, na zinafaa kwa kazi hii?

Wako wanaodhani kwamba glavu nyepesi ndizo bora siku zote. Hoja yao ni kwamba glavu nyepesi ndizo zinazovaliwa katika mashindano, na kwamba azoeaye wepesi atakuwa mwepesi wa mikono. Hoja hiyo yaonekana kuwa na maana, lakini ina kosa kubwa. Mashindano hupiganwa mara chache kwa mwaka, mbele ya mwamuzi na daktari. Mazoezi ya wawili huweza kufanywa kila juma, na mara nyingi hakuna daktari karibu. Katika mashindano kila mmoja hutafuta ushindi. Katika mazoezi wote wawili hutafuta maarifa, na kesho yake kila mmoja anatakiwa aende shambani, shuleni au ofisini akiwa mzima. Kwa sababu hiyo, glavu ya mazoezi huchaguliwa kwanza kwa ajili ya kumlinda yule anayepigwa.

ASILI YA GLAVU

Historia yenyewe inathibitisha jambo hilo. Mwingereza Jack Broughton, aliyekuwa bingwa wa ngumi katika karne ya 18, alitunga kanuni za mchezo huo mwaka 1743. Mwaka 1747 alitangaza darasa la kufundisha ngumi mjini London. Wanafunzi aliowatafuta walikuwa mabwana wa heshima, ambao hawakutaka kurudi nyumbani na macho yaliyovimba, taya zilizovunjika au pua zinazotoka damu. Kwa hiyo Broughton aliwaahidi kwamba watavaa glavu zilizojazwa vitu laini. Mashindano yaliendelea kupiganwa kwa mikono mitupu kwa miaka mingi baada ya hapo, mpaka kanuni zilizotolewa mwaka 1867 kwa jina la Marquess of Queensberry zilipotaka glavu zivaliwe ulingoni. Ndiyo kusema, glavu ilianza darasani kama chombo cha kumlinda mwanafunzi, na baadaye ndipo ikaingia katika mashindano.

Ukambani haikuwa mbali na mchezo huu. Wakati wa ukoloni Wakamba wengi walijiunga na jeshi la King's African Rifles, na ngumi zilikuwa miongoni mwa michezo ya askari. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, vilabu vya jeshi, polisi na magereza viliendelea kuwa nguzo ya ndondi nchini Kenya. Kwa hiyo kijana wa Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi akijifunza vyema, mchezo huu waweza kumfungulia mlango wa kazi. Lakini akiumizwa kichwa katika mazoezi ya ovyo, mlango huo huenda ukafungwa kabla hajaonekana na mtu yeyote.

Wala mabingwa hawasifiwi kwa nguvu peke yake. Katika Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968, Philip Waruinge wa Kenya alipata medali ya shaba tu, lakini yeye ndiye aliyepewa Kombe la Val Barker, ambalo lilitolewa kwa bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote. Ustadi wa namna hiyo hupatikana kwa mazoezi mengi ya kukwepa, kukinga na kupiga kwa kipimo. Wale wanaoangushana kila jioni hawaupati, kwa maana mwanafunzi anayeogopa kuumizwa hufumba macho, na afumbaye macho hajifunzi kitu.

MAANA YA AUNSI

Uzito wa glavu huandikwa kwa aunsi, na kwenye glavu huonekana herufi "oz" baada ya tarakimu. Aunsi moja ni gramu 28 na kidogo. Kwa hiyo glavu ya aunsi 8 ina gramu 227 hivi. Ya aunsi 10, gramu 283. Ya aunsi 12, gramu 340. Ya aunsi 14, gramu 397. Na ya aunsi 16, gramu 454. Huo ni uzito wa glavu moja, wala si wa jozi. Mkulima azoeaye kupima ndengu ataelewa mara moja: glavu ya aunsi 16 inakaribia nusu kilo.

Mtu asiyeyaamini maandishi yaliyo kwenye glavu anaweza kuipima mwenyewe kwa mizani ndogo ya dukani. Ni vema aipime ikiwa kavu, kwa sababu glavu iliyolowa jasho huongezeka uzito bila kuongezeka ulaini.

Tofauti ya glavu nzito na nyepesi haiko katika uzito peke yake. Kwa kawaida uzito unaozidi hutokana na kujazwa zaidi. Ujazo mnene hutandaza ngumi mahali papana na kuifanya ichukue muda mrefu kidogo kutua, na hivyo ngozi haichaniki kwa urahisi na mifupa ya mkono haivunjiki upesi. Glavu kubwa pia hufunika sehemu kubwa ya uso wa anayejikinga, na humchosha mvaaji, hata mabega yake yakapata mazoezi.

Katika mashindano ya kulipwa, desturi ni kwamba mabondia wenye uzito usiozidi kilo 66.7 huvaa aunsi 8, na wale wazito zaidi huvaa aunsi 10. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, wanaume wa uzito mdogo na wanawake wote walivaa aunsi 10, na wanaume wazito walivaa aunsi 12. Glavu hizo zina mahali pake. Kwa mazoezi ya watu wazima wawili, zile za aunsi 8 na 10 ni ndogo mno.

JINSI YA KUCHAGUA

Hakuna sheria moja inayotawala glavu za mazoezi duniani kote. Kila klabu ina kanuni yake, na neno la mwalimu ndilo linalofuatwa. Hata hivyo desturi ya walimu wengi haitofautiani sana. Mtu mzima mwenye uzito chini ya kilo 55 huvaa aunsi 12 au 14. Mwenye kilo 55 hadi 70 huvaa aunsi 14, na akiwa na ngumi nzito huvaa 16. Aliyezidi kilo 70 huvaa aunsi 16. Aliyezidi kilo 90 huvaa 16 au hata 18. Mwenye mashaka kati ya uzito wa aina mbili na achague ule mkubwa.

Wasichana nao hufuata kipimo hicho hicho cha uzito wa mwili. Mchezo huu si wa wanaume peke yao: mwaka 2018, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Gold Coast, Australia, Christine Ongare alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali ya ndondi katika michezo hiyo. Jambo la kuangalia ni kwamba aunsi hazielezi ukubwa wa nafasi iliyo ndani ya glavu. Mwenye kiganja chembamba atafute glavu inayoushika mkono vizuri, kwa sababu mkono unaocheza ndani ya glavu huteguka kifundo. Glavu ijaribiwe mkono ukiwa umefungwa bendeji, kama utakavyokuwa siku ya mazoezi.

Shida hutokea pale wawili wasipolingana. Chukua mfano wa kijana wa kilo 58 anayefanya mazoezi na mwenzake wa kilo 76, kwa kuwa kijijini hakuna mwingine. Yule mzito avae aunsi 16 bila kubishana, na yule mwepesi avae zisizopungua 14. Lakini hilo pekee halitoshi. Mzito ni lazima apunguze nguvu na atumie nafasi hiyo kujifunza wepesi wa miguu; mwepesi naye asimchokoze kwa ngumi kali akitumaini kuvumiliwa. Mwalimu akiona hasira imeingia, na asimamishe mazoezi papo hapo.

UJAZO ULIOKUFA

Glavu ya aunsi 16 iliyochakaa inaweza kuwa mbaya kuliko mpya ya aunsi 12. Uzito wake ungali pale pale, lakini ujazo wake umekufa. Njia ya kuijaribu ni rahisi: bonyeza kwa kidole gumba mahali panapofunika vifundo vya vidole. Ikiwa ujazo unabonyea na kurudi polepole, glavu ingali na kazi. Ikiwa kidole kinafika upesi kwenye mkono ulio ndani, au ujazo umegawanyika na kukimbilia pembeni, glavu hiyo isitumike tena kwa mtu. Ngozi iliyopasuka au ukanda uliokwaruza nao huweza kuumiza jicho.

Kinachoua glavu upesi ni gunia. Katika Ukambani mchanga wa mito ni mwingi, na kijana huweza kuona ni jambo jepesi kuujaza mchanga gunia lake. Lakini mchanga hushuka chini ukashindiliwa, na sehemu ya chini ya gunia huwa ngumu kama jiwe. Wahenga walisema, mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Gunia lijazwe matambara yaliyokatwakatwa, na glavu za kupigia gunia ziwe mbali na glavu za mazoezi ya wawili. Anayetumia jozi moja kwa kazi zote mbili humletea mwenzake ujazo mgumu na vumbi la kumwingia machoni.

Baada ya mazoezi glavu zifutwe kwa kitambaa kikavu, zifunguliwe kamba, zikaachwe zimefunua mdomo mahali penye upepo. Ndengu huanikwa juani; glavu hutaka kivuli. Jua kali la Kitui hukausha ngozi ikapasuka, na glavu iliyofungiwa mfukoni ikiwa mbichi huoza kwa ndani na kunuka.

GLAVU HAIZUII KILA JERAHA

Asidhani mtu kwamba akivaa glavu nzito anaweza kupiga kichwa atakavyo. Glavu hulinda ngozi na mifupa zaidi ya ubongo. Kichwa kinapotikiswa kwa ghafula, ubongo hutikisika ndani ya fuvu, hata kama ngumi ilikuwa laini. Kofia ya kinga nayo hupunguza michubuko na majeraha ya ngozi, lakini haizuii mtikiso huo. Robert Wangila, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, alifariki Julai 1994 baada ya kuumia kichwa katika pambano la kulipwa mjini Las Vegas, Marekani. Ikiwa bingwa wa namna hiyo aliweza kupatwa na msiba huo ulingoni, hakuna sababu ya mwanafunzi kujiona salama chini ya mwembe.

Kwa hiyo mazoezi ya wawili yawe mafupi, ngumi za kichwani ziwe chache na nyepesi, na watoto wasipigane vichwani kabisa. Kinga ya meno ivaliwe kila mara. Aliyepoteza fahamu hata kwa kitambo kidogo, au aliyepigwa akachanganyikiwa, au akalalamika kichwa, asirudi tena ulingoni siku hiyo, wala siku nyingine mpaka mganga amruhusu. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akilegea upande mmoja, akishikwa na usingizi usio wa kawaida, au mboni za macho zikionekana hazilingani, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja kupambazuke. Anayekaa mbali na Kitui mjini au Wote afikirie usafiri kabla ya mazoezi kuanza, si baada ya mtu kuanguka.

KLABU YENYE FEDHA KIDOGO

Makarani na walimu wanaotunza fedha za vilabu vya vijana huulizwa mara nyingi wanunue nini kwanza. Klabu yenye fedha za jozi nne tu haina haja ya kununua glavu za mashindano. Inunue jozi mbili za aunsi 16 na jozi mbili za aunsi 14, ziandikwe kwa wino "Mazoezi ya wawili tu", na zitunzwe na mtu mmoja mwenye ufunguo. Zile kuukuu zilizopo zibaki kuwa za gunia. Fedha zikipatikana tena, zinunuliwe bendeji na kinga za meno, kila mtu yake, kabla ya kitu kingine chochote.

Daftari la klabu liwe na kurasa mbili: moja ya uzito wa kila mwanachama, upimwe kila mwezi, nyingine ya glavu, tarehe iliyonunuliwa na siku ilipojaribiwa kwa kidole gumba. Kabla ya mazoezi kuanza, mwalimu asome kurasa hizo mbili, awapange vijana wawili wawili kwa uzito unaokaribiana, kisha ndipo atoe glavu.