Mtutu Ndio Unaochagua Risasi

Ukifika Ujiji utaelezwa kwanza kuhusu mwembe, na jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone pale Novemba 1871. Mimi, kwa kuwa shughuli yangu ni silaha na kulenga shabaha, huvutiwa zaidi na mizigo ya wapagazi. Stanley mwenyewe aliorodhesha kitabuni silaha za msafara wake: Winchester moja na Henry moja, kila moja ya risasi 16, bunduki mbili fupi za Starr, Jocelyn moja, bastola kadhaa, gumegume 24, na bunduki moja ya tembo ambayo risasi zake nane zilikuwa na uzito wa ratili moja.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayofundisha. Zamani mafundi hawakuutaja mtutu kwa milimita. Walichukua ratili ya madini ya risasi, wakaigawa katika gololi zilizo sawa, na gololi iliyoenea mtutuni ikaupa mtutu namba yake. Ratili ni gramu 454 hivi, kwa hiyo gololi ya nane ina gramu 57 na upana wa milimita 21. Shotgani namba 12 tunayoijua leo ilipata namba yake kwa njia hiyohiyo: gololi 12 kwa ratili, kila moja gramu 38, upana milimita 18.5. Ndiyo maana namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo, jambo linalowachanganya wengi dukani. Mizinga ilikwenda kinyume: ilitajwa kwa uzito wa kombora moja, ratili tatu, ratili 12, na kuendelea.

Sasa fikiria msafara huo njiani. Risasi ya Winchester haifai kwenye Starr wala kwenye Jocelyn. Aina moja ikiisha, silaha hiyo inabaki fimbo ya kutembelea. Gumegume peke yake haikuwa na shida hiyo: baruti, kipande cha kitambaa, na gololi yoyote iliyo ndogo kidogo kuliko tundu.

Lakini hiyo “ndogo kidogo” ina gharama. Gololi isiyobana mtutuni hupita ikigongagonga kuta, na moshi wa baruti huipita pembeni badala ya kuisukuma. Tena mtutu wa gobore ni laini ndani, hauna ile mifereji ya mzunguko inayoifanya risasi izunguke kama pia ili ishike njia yake. Mwindaji wa gobore alijua hilo bila kusoma fizikia, ndiyo sababu alinyatia mpaka karibu kabisa.

Wakubwa wa Ulaya nao walijua. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao wengi wanaukumbuka kwa habari ya biashara ya utumwa, ulizuia bunduki zenye mifereji na risasi zake kuingizwa katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Gumegume za mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara ziliachiwa mlango, kwa masharti. Kigoma na Ujiji ziko nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta, katikati kabisa ya eneo hilo. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi kwamba walioandika mkataba walielewa vizuri tofauti ya mtutu na mtutu.

Vita vya 1914 vilipofika, reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka huohuo, na askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wanabeba Mauser ya mwaka 1871. Kichwa chake cha risasi kilikuwa cha milimita 11 na gramu 25, kimevishwa karatasi ili kibane mifereji bila kuuchafua mtutu. Kilikuwa na nguvu ya kutosha. Ubaya ulikuwa kwenye baruti nyeusi: ukifyatua mara moja, wingu la moshi linamwonyesha adui ulipo.

Funzo kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilitolewa majini, kwenye Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 vimashua viwili vya Waingereza, Mimi na Toutou, vikiwa na mizinga ya ratili tatu, vilikamata meli ya Kijerumani Kingani, ambayo mzinga wake ulielekea mbele tu. Waingereza wakaibadili jina ikawa Fifi, wakaipachika mbele mzinga mkubwa zaidi, wa ratili 12. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi ikaifukuza Hedwig von Wissmann. Kila mzinga ulipolia, teke lake liliisimamisha Fifi palepale majini, na Hedwig ikazidi kupata nafasi. Mimi, yenye mzinga mdogo, ndiyo iliyopita mbele na kumlazimisha Mjerumani ageuke. Fifi ilikuwa imebakiwa na makombora matatu. Moja likakwama, likachukua dakika 20 kuondolewa. Lililofuata ndilo lililompata Mjerumani, na Hedwig ikazama.

Mlengaji wa bastola wa leo ana maswali yaleyale ya Fifi: teke, kukwama, na kombora linalotosha kwa kazi bila kuzidi.

Chukua mashindano ya IPSC, shirikisho lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri. Humo mtu hupimwa kwa kulenga sawasawa na kwa haraka, lakini ili asitumie risasi dhaifu kupita kiasi kuna kiwango cha nguvu. Chukua uzito wa kichwa kwa greni (greni moja ni gramu 0.065), zidisha kwa kasi ya futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000. Kiwango cha chini ni 125. Kwa bastola ya milimita tisa, vichwa vinavyopatikana sana ni vya greni 115, 124 na 147. Cha 115 kinahitaji futi 1,087 kwa sekunde kufika hapo, cha 124 futi 1,009, cha 147 futi 851 tu.

Mgeni wa mchezo huu hudhani kizito ndicho kinachopiga teke zaidi. Kwa kiwango kilekile cha nguvu, mara nyingi ni kinyume. Teke halitokani na kichwa peke yake. Gesi ya baruti inayotoka kwa kasi mdomoni mwa mtutu nayo inasukuma nyuma. Kichwa kizito kinachokwenda polepole hutumia baruti kidogo, hivyo mkono unahisi msukumo mpole badala ya kofi. Ndiyo maana washindani wengi wanapenda 147. Wengine hawaipendi kwa sababu bastola inajirudisha kwa uvivu mno kwao. Hilo ni suala la mkono wa mtu, wala sibishani nao.

Upana hauna mapenzi ya mtu. Kichwa chenye koti la shaba kwa bastola hiyo ni milimita 9.02 hivi; cha madini ya risasi matupu huongezwa kidogo, kama 9.04, kwa sababu lazima kibane. Kikiwa chembamba, gesi moto hupenya pembeni, inakiyeyusha, na mtutu unajaa utando wa risasi. Anayejali huupima mtutu wake kwanza: husukuma ndani kipande laini cha risasi kisha anakipima kwa mikromita.

Halafu umbo. Ncha ya mviringo huingia chemba bila kukwama, na hilo kwa anayekimbia na saa lina thamani kuliko usahihi wa nusu sentimita. Kwenye shabaha ya karatasi, wanapotafuta pointi za duara la ndani, kichwa bapa hukata tundu safi lisilobishaniwa na mwamuzi. Wengi husahau kitako. Kitako ndicho kinachoachana na mtutu mwisho; kikiwa na kasoro, gesi inakisukuma upande na risasi inakwenda kombo. Vichwa vyenye tundu kwenye ncha hufungwa koti mpaka kitakoni, na hiyo ndiyo sababu walengaji wa karatasi huvipenda, ingawa karatasi haihitaji risasi inayopanuka.

Jambo moja la usalama haliachi nafasi ya mjadala. Ukibadili kichwa, huwezi kubaki na kipimo kilekile cha baruti. Kichwa kizito ni kirefu, kinazama zaidi ndani ya ganda, nafasi inapungua na shinikizo linapanda. Bastola zimepasuka mikononi mwa watu kwa uzembe huo. Shabaha za chuma nazo zina sheria yake: IPSC hairuhusu mtu kuzifyatulia akiwa karibu zaidi ya mita saba, kwa kuwa vipande hurudi.

Na sumu. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la mkaa linafikia bila taabu. Vumbi lake hukaa mikononi na nguoni, na mtoto ndiye anayeathirika zaidi, ubongoni. Sufuria iliyoyeyushiwa risasi, iwe ya gololi za gobore au ya vizito vya nyavu, isirudi jikoni kamwe.

Tanzania suala la silaha na risasi liko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kutengeneza silaha au risasi bila kibali ni kosa, na gobore la kufuliwa kijijini halina msamaha kwa kuwa ni la kienyeji. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye leseni ya bastola anayetaka kuanza mashindano ni mfupi: nunua kwa muuzaji mwenye leseni risasi zilizokamilika za greni 124, ncha mviringo, koti kamili. Ni risasi ya katikati, bastola nyingi za milimita tisa huipokea bila kukwama, na itakuonyesha kosa lako la mkono kabla hujalisingizia kichwa cha risasi. Mwenye gobore ndani, alipeleke kituo cha polisi.