Mkirudi mlikosomea, mwiteni na aliyekomea njiani

Mpenzi msomaji, ikiwa ulisomea chuo kilicho nje ya Nairobi, yamkini kuna mji mmoja ambao ukisikia tu jina lake tumbo hukumbuka njaa na pua hukumbuka moshi wa makaa. Kwa wengine ni Maseno, kwa wengine ni Eldoret. Kwa kundi letu ni Njoro. Na huenda, kama sisi, kila mnapokutana mazishini au arusini mmekuwa mkiahidiana kwamba lazima siku moja mrudi, kisha kila mtu anapanda matatu yake na miaka mitano inapita.

Rudini. Wikendi moja inatosha, na mfuko hautatoboka. Lakini kabla hamjaketi kuamua gari la nani litatumika na nyama italiwa wapi, jiulizeni swali moja: ni nani kati yenu alianza nanyi na hakumaliza?

Takriban kila kundi lina mtu huyo. Sisi tulijiunga na Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1990, ule mwaka ambao vyuo vikuu vya umma vilipokea kwa pamoja wanafunzi wa mwisho wa kidato cha sita na wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4. Vitanda havikutosha, viti havikutosha, hata sahani wakati mwingine hazikutosha. Kisha ukaja mpango wa kugawana gharama, na mzazi aliyezoea kwamba chuo kikuu ni mzigo wa serikali akaambiwa atie mkono mfukoni. Waliokuwa na mashamba ya chai au kahawa walihimili. Waliokuwa na mzazi mmoja, tena mgonjwa, walianza kutoweka kimya kimya.

Wa kwetu tulimwita Profesa. Tulimbandika jina hilo kwa sababu hesabu za kemia zilizotutoa jasho yeye alizifanya huku akila chapati. Mwaka 1992 babake alifariki, naye akiwa kifungua mimba wa watoto saba. Ijumaa moja alitoka chumbani na begi dogo, akasema anaenda nyumbani kwa wikendi. Hakurudi. Sisi watano tulihitimu, tukavaa joho, tukapiga picha. Kumbe mwenzetu hakuwa mbali. Alikuwa Nakuru, mwendo wa nusu saa hivi kutoka Njoro, akijifunza kufungua injini. Leo ana duka la vipuri vya magari, na wadogo zake wote sita wamesoma.

Utamwitaje mtu kama huyo kwenye safari ya kukumbuka chuo? Nakushauri usimtumie ujumbe katika kundi la simu pale ambapo kila mtu anaona jibu lake. Mpigie. Na apigaye awe yule aliyekuwa karibu naye zaidi, si mwenye cheo kikubwa zaidi. Kwetu alipiga aliyelala naye chumba kimoja. Profesa alisikiliza mpango wote, kisha akauliza, "Nyinyi mtaenda kuona mlikohitimu. Mimi nitaenda kuona nini, ndugu yangu?"

Mwenzetu alifikiri kidogo akamjibu, "Utakuja kuona kitanda chako. Nilikilalia miaka miwili baada ya wewe kuondoka, na sijawahi kukushukuru."

Alicheka. Alipocheka tukajua atakuja.

Michango

Sasa tuje kwenye pesa, kwa maana ndizo huvunja safari hizi kuliko mvua. Katika kundi lolote la watu waliopita miaka hamsini kuna aliyejaliwa na kuna anayehesabu shilingi. Usidhani kwamba anayehesabu ni yule asiyehitimu. Kwetu aliyeomba apewe muda ni mwenye shahada, aliyeachishwa kazi miaka miwili kabla ya safari na ambaye mkewe tu ndiye aliyejua. Chagueni mtu mmoja wa kupokea michango kwa M-Pesa, atangaze jumla iliyopatikana bila kutaja nani ametoa ngapi. Na kama kuna tajiri kati yenu anayetaka kuwalipia wote, mkatazeni kwa heshima. Mkikubali, kuanzia Naivasha mtakuwa wageni wake, na hakuna atakayethubutu kumkumbusha alivyokuwa akikopa sabuni.

Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Tulitoka Ijumaa mchana, tukasimama Kikopey, karibu na Gilgil, kula mbuzi wa kuchoma kama wasafiri wote wenye akili, na giza likatukuta Nakuru. Laleni hapo. Mji huo ulipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021 na una malazi ya kila mfuko. Njoro kwenyewe ni juu zaidi, na wale walioisahau baridi yake watakumbushwa kabla ya jua kutua. Bebeni sweta.

Mmoja wetu alikuja na bintiye, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kingine. Mwanzoni tulinung'unika kwamba mtoto atatuharibia mazungumzo. Kinyume chake, maswali yake ndiyo yaliyotufungua midomo. Alitaka kujua tulivyoishi bila simu, tulivyopata habari za nyumbani, na kwa nini tuliacha kumtafuta Profesa. Swali hilo la mwisho gari zima lilinyamaza, hadi mamake akasema, "Tuliona haya, mwanangu. Ungemwambia nini mtu kama huyo?"

Langoni

Historia ya chuo chenyewe ni kisa cha milango. Lord Maurice Egerton, Mwingereza aliyekuwa na mashamba makubwa Njoro, alianzisha shule ya kilimo hapo mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa walowezi. Mwafrika angeingia kama kibarua, si kama mwanafunzi. Baadaye ikawa chuo cha kutoa diploma, ikafungua milango kwa watu wa rangi zote, mwaka 1986 ikafanywa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka uliofuata ikawa chuo kikuu kamili. Wakulima wengi wa ngano, pareto na ng'ombe wa maziwa katika nchi hii wameshauriwa na mtu aliyefunzwa hapo, wajue wasijue.

Jumamosi asubuhi tulifika langoni. Askari, kijana ambaye hakuwa amezaliwa tulipokuwa tukipigania vitanda, alitusalimu kwa adabu, "Shikamooni wazee," (lo, wazee!) akatupa kitabu cha wageni. Jina, nambari ya kitambulisho, saa, sababu ya ziara. Wa kwanza wetu aliandika "mwanafunzi wa zamani", wa pili vivyo hivyo, na wengine tukafuata bila kufikiri. Kitabu kikamfikia Profesa. Alikishika kwa muda. Kalamu ilikuwa mkononi lakini haikutembea. Hakuna aliyesema neno, na pengine ni vyema, maana neno lolote lingekuwa baya.

Kisha akainama, akaandika nambari yake ya usajili. Yote, kwa herufi zake, mikwaju yake na mwaka wake. Hakuna kati yetu wenye shahada aliyekuwa akiikumbuka yake.

Tulipokuwa tukitembea chini ya miti alitueleza kwamba mdogo wake wa mwisho alisomea papo hapo. Siku ya kuhitimu kwake Profesa aliendesha gari kumleta, akamfikisha kwenye lango lile lile, akamwambia kwamba atangoja nje kulinda gari. Alingoja hadi saa tisa alasiri. Hilo hatukuwahi kulijua.

Bweni tuliliona kwa nje, kwa sababu kuna wenyewe sasa, na si adabu kuingia vyumba vya watoto wa watu kwa kisingizio cha kumbukumbu. Lakini dirisha lilijulikana. Wawili waliolala humo walisimama chini yake wakibishana ni nani aliyekivunja kioo chake, ubishi wa zaidi ya miaka thelathini, na binti yetu akawapiga picha.

Njokerio, kijiji kinachopakana na chuo, hamtakitambua. Palipokuwa na mahindi na njegere, leo pana nyumba za ghorofa za kupangisha wanafunzi, na vibanda vya chipsi, vinyozi na kunakili karatasi. Tulimwulizia mama mmoja aliyetuuzia chapati na madondo kwa mkopo, akiandika madeni yetu kwenye daftari la jalada la bluu. Mzee wa duka alitutazama kwa muda, akasema tu kwamba huyo alihama. Hatukuuliza zaidi. Wewe pia usiulize zaidi. Sehemu za Molo na Njoro zilipatwa na mapigano ya kikabila mwaka 1992, na tena ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, na si kila aliyehama alihama kwa kupenda. Aliyekuwa akidaiwa, na daftari lilimjua, alinunua sukari na unga dukani akamwachia yule mzee ampe mjane yeyote jirani.

Chakula cha mchana Profesa alisema atalipa yeye. Kulikuwa na kelele kidogo, hapana bwana, wewe ni mgeni wetu, tumechanga. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Nakuru ni kwake na wageni ni sisi. Hapo mchango wa kundi ulirudi mfukoni. Mkipata nafasi kama hiyo, msomaji wangu, nyamazeni mle.

Kasri

Jioni tulipitia kasri ya Lord Egerton, huko Ngata, ambayo ni njia ile ile ya kurudi Nakuru. Ni jumba la mawe lenye vyumba 52. Ujenzi ulianza mwaka 1938 na kukamilika 1954, naye mwenyewe akafariki 1958 bila mke wala mtoto. Husimuliwa kwamba alilijenga kumridhisha mwanamke aliyemkataa, na kwamba baada ya kukataliwa hakutaka kuona mwanamke karibu na makao yake. Wanawake wa kundi letu walikaa kwenye ngazi zake wakala karanga na kutupa maganda katika mfuko wa karatasi, wakisema kwamba mtu mwenye vyumba 52 na hana wa kumwamkua hana budi kuwa na hasira. Pengine walimwonea. Lakini walifurahi.

Walio na muda wa ziada wanaweza kwenda Ziwa Nakuru Jumapili asubuhi. Msishangae mkiona miti iliyokauka imesimama majini. Katika miaka ya baada ya 2010 maji yalipanda mno, yakameza barabara na hata lango kuu la zamani, na flamingo wengi wakahamia maziwa mengine. Sisi hatukwenda. Tulikaa dukani kwa Profesa tukinywa chai kwenye viti vya plastiki huku wateja wakiingia na kutoka. Juu ya kaunta, pembeni mwa kalenda, palikuwa na picha sita za watu waliovaa joho, wadogo zake. Mwenzetu aliyeachishwa kazi alizitazama moja baada ya nyingine. Kisha akatueleza habari zake zote, tangu barua ya kazini hadi kodi ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kutuambia Nairobi tunakokutana kila mwezi. Profesa alimwuliza kama anaweza kushika vitabu vya hesabu vya duka la pili analotaka kufungua Molo. Hatujui bado kama watakubaliana. Wanaongea.

Jumapili hiyo ondokeni Nakuru kabla ya saa sita mchana. Mkichelewa mtakwama kwenye msongamano kati ya Gilgil na Naivasha, na nderemo zote zitageuka ugomvi wa nani aliyesema tunywe chai nyingine.

Safari ijayo ni Desemba, familia zote zikiwemo. Kwa kuwa Profesa ndiye aliye karibu, tumemfanya mweka hazina na mtafuta malazi. Ameshatuma tarehe ya mwisho ya michango, na kufikia leo wawili hawajalipa. Wote wana shahada.