Upe Mto Pangani Siku Moja Kabla ya Bahari

Wageni wanaofika Pangani huuliza ufukwe kwanza. Siwalaumu. Mchanga wa Ushongo ni mweupe, na mtu aliyetoka kwenye joto na foleni za Dar es Salaam ana haki ya kujilaza chini ya mnazi. Lakini mimi nimezaliwa Bweni, ng'ambo ya kusini ya mto, na kila ndugu au rafiki anayenipigia simu kuniarifu kwamba yuko njiani namwomba jambo moja: siku ya kwanza aupe mto. Bahari ataikuta kesho.

Mashua za kupanda mto huondokea upande wa mjini, karibu na forodha ya zamani. Kabla ya kupatana bei, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Bahari huku kwetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na inapojaa huingia mtoni na kuurudisha nyuma mwendo mrefu. Nahodha anayeujua mto hupanda na maji ya kujaa, akateremka na ya kupwa, na mafuta yake hayaishi bure. Ukipenda ndege, toka alfajiri au alasiri jua likishapoa. Mikoko ya mlango wa mto ina mdiria na yangeyange wengi. Ukizidi kupanda, mikoko inapungua, minazi inachukua kingo zote mbili, kisha inakuja migomba na mashamba ya watu. Mikono ibaki ndani ya mashua, maana mamba wapo.

Itazame na minazi yenyewe. Kuna mahali imebaki vigogo vitupu, vichwa vimeshakatika. Wazee wa kando ya mto watakwambia chumvi imepanda, na sababu yake iko mbali sana na hapo. Mto huu una urefu wa kilomita 500 hivi. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, yanaongezewa na mito ya Pare na Usambara, yanapita Korogwe, kisha yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale, ya megawati 21, na ile ya Maporomoko ya Pangani, ya megawati 68. Njia nzima hiyo watu wanamwagilia migomba, mpunga, miwa na mboga. Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na sijapata darasa la kueleza jambo hili vizuri kuliko mashua: maji yanayofika mlangoni yakipungua nguvu, bahari haina wa kuizuia, nayo inapanda mpaka kwenye mizizi ya mnazi wa mkulima ambaye hajawahi kuiona Nyumba ya Mungu.

Mkiwa njiani kurudi, mwombe nahodha awaonyeshe upande wa Kikogwe. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipitishwa Hamburg, na mingi ikafia njiani. Iliyosalimika ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe. Miche hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe na Morogoro, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Baba yangu aliletwa na mkonge huo. Alitoka Buha, Kigoma, akiwa manamba wa SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyokusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali na hata nchi za jirani. Alikata majani, akayafunga mafungu, akayapakia kupelekwa korona, yaani mashine inayosaga jani na kubakiza nyuzi. Alikuwa akisema harufu ya korona haitoki kwenye shati hata ulifue mara ngapi. Mkataba ulipokwisha wenzake wengi walipanda garimoshi kurudi kwao. Yeye alimwoa mama yangu. Kwa hiyo ninapomsimamisha mgeni mbele ya safu za mkonge, zenye miiba mikali kwenye ncha, namwambia kwamba hapo ndipo ulipoanzia ukoo wangu wa huku pwani. Ziko nyumba nyingi za Bweni, Mwera na Muheza zenye hadithi hiyohiyo, za Waha, Wamakonde, Wangoni, Wabena. Naona ni haki mtu anayekuja kutembea ajue kwamba mandhari anayoipiga picha ilifanyiwa kazi na watu, na watu hao walikuwa na majina.

Mchana mle mjini. Wali wa nazi na samaki wa kupaka havikosekani, na wakati wa kamba usiondoke bila kuwala. Baada ya hapo mtafute mwongoza wageni wa hapahapa na mzunguke kwa miguu. Mji ni mdogo, saa mbili zinatosha. Forodha ina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Shaaban Robert, ambaye mashairi yake tumeyakariri sote shuleni, alikuwa karani wa forodha, na Pangani ni moja ya vituo alivyofanyia kazi. Uhindini kuna maduka ya zamani yenye roshani za mbao, mengine yamechakaa mno. Boma lina milango ya nakshi, na wenyeji husimulia kwamba wakati wa kulijenga watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo lisimame imara. Mwongozaji akianza kusimulia hilo, msimkatize. Mji huu ulitajirika kwa pembe za ndovu na kwa binadamu waliouzwa, na hakuna namna ya kuisifia milango ukanyamaza kuhusu hayo.

Ndipo mnafika kwa Abushiri bin Salim, tunayemwita Bushiri. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilikodishiwa pwani na Sultani Khalifa wa Zanzibar, na mwezi Agosti ikaja kupandisha bendera yake. Mwakilishi wake hapa Pangani alikuwa Emil von Zelewski. Ilikuwa wakati wa Idi Kubwa, na Wajerumani wakiwa wanamsaka liwali wa Sultani waliingia msikitini na mbwa. Mji ulichafuka. Zelewski na wenzake walizingirwa ndani ya nyumba mpaka watu wa Sultani walipokuja kuwatoa. Bushiri, mwenye mashamba ya miwa kando ya mto huuhuu, akashika uongozi, na vita vikaenea pwani nzima. Julai 1889 kamanda wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, aliuteka mji. Bushiri alikamatwa bara, akaletwa Pangani, akanyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia vita hivyo utenzi ambao bado unasomwa.

Wanafunzi wangu huniuliza kama Bushiri alikuwa shujaa. Nawajibu kwamba alipigana na mkoloni mpaka akafa, na kwamba mashamba yake yalilimwa na watumwa. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yalitokea hapa, kwa hiyo nataka wayabebe pamoja. Kuhusu Zelewski, huyohuyo ndiye aliyeitwa Nyundo na Wahehe, na wapiganaji wa mtemi wao Mkwawa wakamuua Lugalo, Agosti 1891. Mara nyingi darasa hushangilia hapo.

Siku ya pili ni ya bahari, kama nilivyoahidi. Nendeni Maziwe. Ni fungu la mchanga baharini mbele ya Ushongo, ni hifadhi ya bahari, na matumbawe yake yamejaa samaki wa kila rangi. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na wavuvi walilala huko. Miti ilipungua, mchanga ukaliwa na bahari, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakukuwa na mti hata mmoja uliosimama. Sasa maji yakijaa kisiwa kizima kinazama, kwa hiyo nahodha hupanga safari ifike maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua ndizo nzuri zaidi, kwa sababu maji hutoka mbali na mchanga hukaa wazi kwa muda. Chukueni maji ya kunywa na kofia, hakuna kivuli. Kasa bado hupanda hapo kutaga, na kwa kuwa mayai yangezama, vijana wa Ushongo huyahamishia ufukweni kwao na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Ukibahatika kufika siku vifaranga vinaachiwa, acha kila kitu ukaone.

Anayerudi kupitia Tanga asimame Tongoni, kilomita 17 kabla ya kufika jijini. Kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, baadhi yakiwa na nguzo, ya watu walioishi hapo karne nyingi zilizopita. Vasco da Gama alipita maji hayo mwaka 1498, na aliporudi mwaka uliofuata aliichoma moja ya meli zake karibu na hapo, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuiendesha. Nusu saa inatosha, ila muwe na heshima, hayo ni makaburi.

Mwenye gari na siku ya ziada auanze mto kule juu, Chemka, kusini ya Boma Ng'ombe mkoani Kilimanjaro. Watu huiita chemchemi ya maji moto, lakini maji yake ni ya uvuguvugu tu, ya buluu, safi kiasi cha kuona mizizi ya mikuyu chini kabisa. Yanaingia mto Kikuletwa, na Kikuletwa unaingia Nyumba ya Mungu.

Sasa barabara ya Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani inajengwa, pamoja na daraja la mita 525 juu ya mto wetu. Sisi wa Bweni, tuliobeba wagonjwa na wajawazito usiku tukisubiri kivuko, tumelililia daraja hilo miaka yote. Hofu yangu ni kwamba magari yatapita juu ya Pangani kwa dakika moja na hakuna atakayejua amevuka nini. Halmashauri ijenge maegesho upande wa Bweni, yenye ngazi za kushukia mtoni, ubao wenye historia ya Kikogwe na ya Bushiri, na mahali pa mama lishe kuuzia. Mashua zipewe maboya ya kutosha abiria wote. Na paa la forodha litengenezwe mapema, kabla ya mvua kuzimaliza kuta.