Maandishi ya Ukungu: Kabla ya Kulaumu Macho, Tazama Skrini



Hapa Kengeja tuna skuli ya sekondari ya ufundi, na si ajabu mtoto wako kukaa mbele ya kompyuta baada ya Isha. Asubuhi macho yanamuwasha na kichwa kinamgonga. Mzazi husema, "Macho yameharibika." Huenda kasoro ni ya skrini.

Skrini bapa imeundwa kwa vitone vya mwanga viitwavyo pikseli, na idadi yake haibadiliki. Nyingi za inchi 17 na 19 zenye umbo la karibu na mraba zina vitone 1280 kwa upana na 1024 kwenda chini. Skrini pana za inchi 22 hadi 24 mara nyingi ni 1920 kwa 1080. Idadi hiyo ndiyo rezolusheni yake ya asili. Skrini za zamani za chogo zilivumilia kubadilishwabadilishwa; bapa haivumilii. Ukiipa idadi nyingine, hulazimika kukisia, na herufi huwa na ukungu.

Kosa linalofanyika sana ni kupunguza rezolusheni ili herufi ziwe kubwa. Herufi hukua kweli, lakini kingo zake hufifia na jicho huhangaika kuzisoma. Kwa anayesoma Qur'ani kwenye skrini, jambo ni zito zaidi: nukta tatu za "tha" zikishikana huonekana kama mbili za "ta", na irabu hupotea. Herufi ikibadilika, maana nayo hubadilika.

Basi fanya hivi. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye skrini, ingia kwenye mpangilio wa skrini, kisha chagua rezolusheni iliyoandikwa kuwa ndiyo inayopendekezwa. Herufi zikiwa ndogo, usiiguse tena rezolusheni; ongeza ukubwa wa maandishi, mathalan asilimia 125 au 150, hapo hapo kwenye mpangilio.

Pia weka skrini umbali wa mkono ulionyooka, juu yake pasizidi usawa wa macho, na dirisha lisiwe nyuma yako likang'aa kwenye kioo. Kila dakika 20, tazama mnazi ulio mbali, walau mita 6, kwa sekunde 20. Pepesa macho kwa makusudi, kwani mtu akikodolea skrini hupepesa kwa uchache na macho hukauka.

Kuchoka huku kwa kawaida hakuharibu jicho. Lakini ukiyafanya yote na ukungu ukabaki, nenda hospitali ukapimwe. Aliyefikia miaka 40 huenda anahitaji miwani tu.

Macho ni amana, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa yana haki juu yetu. Tuyatunze.

Wabillahi tawfiq.