Foleni Mbili, Gari Moja

Kila jioni katikati ya jiji la Nairobi, wasafiri wa Kangemi na wale wa Kawangware hujipanga foleni wakingojea matatu. Hakuna aliyeandikwa jina, lakini kila mtu anamjua aliye mbele yake. Tuseme basi, msomaji, kwamba foleni hizo mbili zimeamriwa ziwe moja. Nani atangulie? Aliyefika mapema? Ama wapishane mmoja mmoja? Ama foleni moja ipelekwe yote mkiani?

Swali hili ndilo linalowakabili marubani wakati mashirika yao yanapoungana. Katika mashirika mengi makubwa, rubani ana nambari yake katika orodha ya ukongwe kazini. Nambari hiyo ndiyo inayoamua ataendesha ndege ipi, lini atakuwa kapteni, na nani ataachishwa kazi kwanza. Akihamia kwingine, kwa kawaida huanza mkiani hata akiwa na mvi. Nambari hiyo ni mali, ijapokuwa haiwekwi benki.

Wamarekani wameonja uchungu wake. American Airlines ilipoinunua TWA mwaka wa 2001, marubani wengi wa TWA walitupwa chini ya orodha. Mwaka wa 2007 ikapitishwa sheria kwamba orodha ziunganishwe kwa haki, na wasioafikiana waende kwa msuluhishi.

Hata hivyo, usuluhishi nao una mipaka yake. US Airways na America West ziliungana mwaka wa 2005. Miaka miwili baadaye, msuluhishi George Nicolau aliwatanguliza marubani 517 wa US Airways, akawachanganya wengine kwa uwiano, na waliokuwa wamesimamishwa kazi akawaweka mwisho. Wale wa US Airways, ambao ndio waliokuwa wengi, walikataa, wakilia kwamba miaka yao ya utumishi imepuuzwa. Wale wa America West nao walishikilia kwamba uamuzi ni uamuzi. Kufikia mwaka wa 2013 walikuwa bado hawana orodha moja.

Hapana shaka kila upande ulikuwa na hoja. Miaka ya utumishi ina uzito wake, na uthabiti wa kazi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya muungano una uzito wake pia. Kosa ni kuyaacha mambo haya hadi baada ya harusi, wakati kila mmoja ameshajua atakachopoteza.

Nasi tusidhani hayo ni ya ng'ambo tu. Kenya Airways iliimeza tena Flamingo Airlines mwaka wa 2004, na mwaka wa 2019 benki za NIC na CBA zikawa NCBA. Miungano mingine itakuja. Mwalimu aliyetumikia shule moja miaka ishirini anaweza kufikiria angehisije kuambiwa leo kwamba yeye ni mgeni. Ndiyo maana kanuni ya kuunganisha orodha yapasa kuandikwa na kukubaliwa na wafanyakazi wa pande zote mbili kabla wakubwa hawajatia saini.