Mafundi na Wanagenzi wa Tingatinga

Mgeni azuruye karakana ya wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay, Dar es Salaam, huona fundi aliyebobea na mwanagenzi wake wameketi pamoja, na kazi zao zimetundikwa ukuta mmoja. Desturi hiyo ni ya Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza mwaka wa 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya baisikeli juu ya vibao vya dari. Aliwafundisha jamaa zake wachache. Naye alipouawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi iliyompata kwa makosa, hao ndio walioendeleza kazi, hata mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika.

Mwanagenzi huiga chui wa mwalimu wake mpaka mkono uzoee. Wako waudharauo uigaji huo, wala si haki: wachonga milango wa Unguja nao hujifunza kwa kufuatisha mkono wa fundi. Lililo gumu ni sahihi. Mnunuzi asiyejua aweza kulipia jina la fundi kwa kazi ya mwanafunzi, na mwanafunzi aliyekwisha kuiva akakosa jina lake. Mwenye jicho hutazama kwanza mstari wa mgongo wa mnyama: wa fundi hupita mara moja, wa mwanagenzi umerudiwa.