Dawa ya Ng'ombe Si ya Koti

Sokoni Gikomba, Nairobi, jirani na Majengo ya Pumwani, jaketi za mtumba za kupandia milima huning'inia hatua chache kutoka kwa wachuuzi wa dawa za kunguni na panya. Likizo ikikaribia, msafiri wa Baringo au Maasai Mara huja na swali lile lile: aloweke nguo kwenye dawa gani ya kuogeshea ng'ombe ili kupe na mbung'o wasimguse?

Hakuna. Mtaalamu wa wadudu amechoka kulijibu.

Wanaoamini husema kinachoua kupe kwenye ng'ombe kitawaua kwenye suruali. Wanasahau kwamba ng'ombe havai dawa hiyo mchana kutwa ikimsugua kwapani huku jasho likimtoka. Amitrazi, mojawapo ya dawa hizo za ng'ombe, ikiingia mwilini humlaza mtu usingizi mzito na kupunguza mapigo ya moyo, na haina kiuasumu chake maalumu. Nyingine, za jamii ya oganofosfeti, hupenya hata ngozi isiyo na kidonda: mate yanatiririka, mboni zinasinyaa, pumzi inakuwa shida.

Halafu kuna kichupa kisicho na lebo. Mchuuzi hutia tone majini, maji yakawa meupe kama maziwa, naye husifu weupe huo kuwa ndiyo nguvu yenyewe. Upuuzi! Hayo ni mafuta ya kuyeyushia dawa yakitawanyika majini, na harufu kali mara nyingi ni yao pia. Dawa ni ipi, na ni kiasi gani? Weupe hausemi.

Dawa ya nguo ni pemethrini, iliyobuniwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa kulilima. Hushika uzi, na ikikauka hainuki. Jaribio la kambi za wakimbizi za Dadaab, lililochapishwa 2006, lilionyesha malaria ikipungua kwa waliovaa nguo zilizotiwa dawa hiyo.

Basi, haraka haraka. Nguo iliyotiwa dawa kiwandani hutajwa kudumu hadi ifuliwe mara 70, ila lebo ya mtumba haisemi imeshafuliwa mara ngapi. Ya kupuliza iwe ya asilimia 0.5, imeandikwa ni ya nguo, na ina nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu; hudumu takriban wiki sita au hadi nguo ifuliwe mara sita. Pulizia nje, vaa glavu, anika hadi ikauke kabisa, weka mbali na paka na samaki. Nguo za ndani ziache, jiki usitie. Ngozi iliyo wazi ipake dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET. Rangi ya buluu na nyeusi huvuta mbung'o, kwa hiyo chagua kaki. Anayelala Busia atumie neti pia, maana mbu wa magharibi wengi wameshaizoea jamii hii ya dawa.